Kabla hujapanda basi kwenda Njombe mwezi wa saba na wilchea yako

Sisi wa Dar baridi tunaisikia tu, kipupwe kikija mtu anavaa sweta asubuhi af saa nne kashavua. Sasa wewe mwenzangu uliyeumia uti wa mgongo umealikwa harusi Njombe au Makete, kule mwezi wa sita wa saba kuna siku unaamka umande umeganda kwenye majani, usitupie jaketi begini ukadhani umemaliza. Kuanzia pale ulipoumia kushuka chini mwili hautetemeki kujipasha, mishipa ya damu nayo haijibani kuzuia joto lisitoke, na tulioumia juu, kifuani au shingoni, ndo tunateseka zaidi. Unaweza ukawa unapiga stori na wakwe huku miguu ya baridi kama samaki wa kwenye friji na huna habari.

Kwa hiyo nunua kipimajoto, na kiwe cha betri, maana kile cha zebaki kinaanzia 35 na sisi tunachotaka kujua ni kama umeshuka chini ya hapo. Ukishuka sio suala la kuongeza blanketi na kusubiri, ni hospitali.

Nguo nenda Karume, chukua nyepesi tatu za kuvaa juu kwa juu kuliko moja nzito, ila suruali zenye mifuko na vifungo nyuma achana nazo, ukizikalia zinaleta vidonda. Viatu vizidi namba moja vipitishe soksi nene.

Halafu hii ya chupa ya maji ya moto naomba unisikilize. Mwaka wa kwanza baada ya ajali shangazi aliniwekea miguuni usiku, kwa upendo kabisa, asubuhi kisigino kimetoka lengelenge la kuungua na mimi sijahisi chochote, kidonda kikakaa miezi mitatu. Chupa ipashe kitanda, kisha itoke ndo uingie wewe. Jiko la mkaa hivohivo, kaa nalo mbali, na usilale nalo chumba kimefungwa hata mwenyeji akisema wao wamezoea, ile hewa yake haina harufu na inaua. Wakikupa komoni upate joto shukuru tu, pombe inafungua mishipa joto linakimbia.

Mkojo unaongezeka kwenye baridi, beba mipira ya kutolea mkojo (katheta) ya kutosha na ya akiba juu. Wengi tunaacha kunywa maji ili tusisumbue watu basi likisimama kuchimba dawa, matokeo yake UTI. Ukiumwa kichwa ghafla uso unatoka jasho, na uliumia kifuani kwa juu au shingoni, hiyo ni presha inapanda: kaa wima, legeza mkanda na nguo, angalia mpira haujajikunja au kibofu hakijajaa, isiposhuka hospitali haraka.

Kwenye basi lenyewe mto wako wa wilchea usiuache kwenye buti, ukalie, jiinue kila nusu saa, na kondakta umwambie mapema kabla hamjatoka Mbezi akufungie hiyo AC ya juu ya kichwa. Beba na glovsi, zile za bodaboda zinatosha, ringi za kusukumia wilchea asubuhi kule zinakuwa barafu na vidole vikishakufa ganzi kiti hakiendi.