Tangi la matumbawe likipungua maji usiongeze maji ya chumvi

Wale mnaoanza na vitangi vidogo vya matumbawe, hili watu wengi wanalikosea na hata mimi nililikosea mwanzoni. Maji yakipungua kwenye tangi ni maji tu ndo yameruka kama mvuke, chumvi yote imebaki mle ndani, so ukijazia tena maji ya chumvi unazidi kuikoleza kila siku bila kujua. Piga hesabu, tangi la lita 60 lenye chumvi gramu 35 kwa lita, likipoteza lita 6 tu tayari uko karibu 39, na hapo konokono na kamba ndo wanaanza kuumia kwanza.

Mi nimebandika kaseloteipu kwenye kioo usawa wa maji, pampu zikiwa zinawaka, alafu kila asubuhi kabla ya chai najazia maji matamu mpaka kwenye mstari, kidogo kidogo, na kama unaweka feni juu kupoza maji, ujue yataruka haraka zaidi. Ya bomba hapana, yana klorini na mara nyingi fosfeti inayolisha mwani, tumia ya RO (yaliyochujwa mpaka chumvi na madini karibu yote yametoka), ila ya dukani uliza kwanza maana wengine wanarudishia madini.

Maji ya chumvi ni ya siku ile unabadilisha maji, mi hubadilisha asilimia 10 kwa wiki. Na ile refraktomita yako, yaani kifaa cha kupimia chumvi, irekebishe kwa maji maalum yenye chumvi ya 35, inadanganya sana hiyo.