Rangi ya bafuni: anza na marumaru, kadi ya dukani ije baadaye

Mteja akiniita nimpakie rangi bafu, mara nyingi ananipokea mlangoni na kadi ya rangi mkononi, kidole kimeshatua kwenye anayoitaka. Namwomba aiweke pembeni kwanza. Bafuni kuna vitu ambavyo huwezi kuvibadilisha bila kubomoa: marumaru za ukutani na za sakafuni, sinki, bakuli la choo. Ukuta unaobaki wa kupaka rangi ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachotakiwa kupatana na vingine vyote.

Tuanze na marumaru, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Marumaru nyeupe zina weupe wa aina nyingi. Chukua karatasi mpya ya kuchapishia, ibandike juu yake kwa tepu, kisha rudi nyuma hatua mbili. Utaona mara moja kama weupe wa marumaru zako unaelekea kwenye maziwa, kwenye bluu au kwenye kijivu. Nyumba nyingi ninazofanyia kazi Kigamboni na Mbagala, Dar es Salaam, zina marumaru za krimu zenye michirizi ya kahawia. Ukizipakia juu yake nyeupe kali, ile inayotoka kwenye ndoo bila kuchanganywa na kitu, zitaonekana chafu hata kama umezisugua asubuhi hiyohiyo. Zipe rangi ya maziwa, au rangi ya mchanga mkavu, zitatulia. Zile zenye weupe wa bluu zinapatana na kijivu chepesi, samawati iliyofifia, au kijani kilichopoa chenye ukijivu ndani yake. Kama marumaru zina maua au mkanda wa mapambo, tafuta rangi iliyo hafifu kuliko zote kwenye mchoro na uipandishe ukutani. Ile inayowaka iache palepale kwenye ua, inatosha.

Baada ya hapo tazama taa. Mabafu yetu mengi yana kidirisha kimoja kidogo cha juu, kwa hiyo rangi yako utaiona zaidi kwa umeme kuliko kwa jua. Soma boksi la balbu, utakuta namba yenye herufi K. Balbu ya 3000K hutoa mwanga wa njano: krimu inapendeza, lakini samawati hafifu inafifia na kugeuka kijivu. Balbu ya 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu, na hiyo ndiyo iliyojaa madukani. Chini yake krimu hupoa na kupoteza joto lake, na waridi huanza kuonekana kama zambarau. Kama balbu iliyopo hupendi mwanga wake, ibadilishe sasa, kabla ya kuchagua rangi.

Na kuna kioo. Mwanga ukigonga ukuta hurudi na rangi ya ukuta, na bafu ni dogo, kwa hiyo unarudi mpaka usoni. Kijani kibichi au njano kali mbele ya kioo humfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Kama kuna mtu nyumbani anayejipodoa au kunyoa ndevu humo, ukuta unaotazamana na kioo upe rangi nyepesi yenye joto kidogo.

Sasa chukua kadi. Chagua rangi mbili, tatu zikizidi, na ununue kopo dogo la kila moja. Usipake kiraka ukutani. Rangi ya zamani inayokizunguka italidanganya jicho, na kiraka chenyewe kitakusumbua wakati wa kumalizia. Omba kipande cha jipsamu kwa fundi wa dari, cha sentimita 40 kwa 40 hivi, ukipake mara mbili na uache ukingo mweupe pembeni. Subiri kikauke kabisa, kwa sababu rangi ya maji ikikauka hukolea zaidi kuliko inavyoonekana ikiwa mbichi. Kisimamishe juu ya marumaru, halafu kitazame saa zile mnazotumia bafu kweli: alfajiri taa ikiwaka, mchana taa ikiwa imezimwa, usiku. Kihamishe kwenye kona yenye giza pia. Rangi inayokupendeza saa zote hizo ndiyo yako. Kanuni yangu ni kwamba ukishindwa kuamua kati ya mbili, chukua iliyofifia zaidi, kwa sababu kuta nne zikikaribiana hivyo, kila moja humwagia nyenzake rangi na zote huonekana kali kuliko kipande ulichokishika.

Kuhusu rangi nzito, kama bluu ya usiku, kijani cha chupa au damu ya mzee: sizikatai. Kwenye choo cha wageni kisicho na bomba la mvua zinapendeza sana. Lakini mahali mnapooga kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama tulivyo wengi wa huku pwani, kila tone likikauka huacha doa jeupe, na juu ya bluu nzito madoa hayo huonekana kama ukuta umepukutika chokaa. Nyekundu na njano kali nazo hazifuniki vizuri. Andaa pesa ya mkono wa tatu, yaani kupaka mara ya tatu, pengine wa nne.

Rangi yoyote utakayochagua, iwe ya silki au yenye mng'ao kidogo, inayovumilia kufutwa. Ile kavu isiyong'aa kabisa hunyonya mvuke na kuota ukungu mapema. Isipokuwa nyumba za zamani za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe Zanzibar: kuta zile zinapumua, na ukizifunika kwa rangi ya plastiki unyevu hukwama ndani na rangi hubanduka vipande vipande. Hizo zipakeni chokaa.

Ukungu mweusi uliopo haufunikwi kwa rangi. Changanya sehemu moja ya maji ya klorini ya kufulia na sehemu tatu za maji, paka, subiri robo saa, sugua, suuza, acha pakauke. Fungua dirisha, na usichanganye kamwe klorini na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Plasta mpya ya saruji ipe siku 28 kabla ya praima, ile rangi ya msingi inayotangulia.

Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Bafu la mita 2 kwa mita 1.5, lenye kimo cha mita 2.7 na marumaru zilizofika mita 1.5, linabakiwa na ukuta wa mita za mraba 8 hivi, na dari 3. Lita moja hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili, kuta na dari, hufiki lita 3. Galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki, kwa hiyo nunua rangi nzuri, usiibanie. Ichanganywe yote mara moja kwenye mashine, na namba ya mchanganyiko uiandike chini ya kopo kwa kalamu isiyofutika. Hiyo itakusaidia siku fundi bomba akichimba ukuta.

Baada ya mkono wa mwisho, acha dirisha wazi na ogeni kwa ndoo kwa siku mbili, bila maji ya moto ya bomba la mvua. Kuta msizisugue kwa sabuni mpaka wiki mbili zipite.