Kuvunja 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tatu aliniuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa sivyo. Tuliifanya hivi.

Hatua ya 1: Punguza za kujaribu

Chini ya kipeuo chake cha pili kuna namba tasa 6,542. Usizijaribu zote! Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Za kwanza ni 193, 257, 449, 577 na 641.

Hatua ya 2: Tafuta baki

Usigawanye namba yote kwa mkupuo. Anza na 2 kwa kipeo cha 16, yaani 65,536. Kwa 641 inaingia mara 102, baki 154. 2 kwa kipeo cha 32 ni 65,536 × 65,536, kwa hiyo zidisha baki kwa baki, 154 kwa 154: 23,716. Hiyo imepungukiwa 1 tu kufikia 641 × 37, kwa hiyo baki ni 640. Ongeza ile 1 ya mwisho: 641. Imegawanyika! Mpwa wangu alirudia hesabu hiyo mara mbili kabla hajakubali. Nne za mwanzo zilibakiza 109, 2, 325 na 288.

Ukitaka kutumia kompyuta, soma hapa taratibu, maana mimi paliwahi kunila usiku mzima. Programu yangu ilinipa baki 1 kwa kila namba: 193, baki 1, 257, baki 1, hata 641, baki 1. Nikakagua mistari ya kugawanya mmoja mmoja, nikaandika upya, jibu lilelile. Kosa lilikuwa kwenye namba yenyewe. Namba ya biti 32 (inayohifadhiwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1, bila alama ya hasi) mwisho wake ni 4,294,967,295. Ukiongeza 1 inarudi sifuri, ukiongeza 2 inakuwa 1. Usiku kucha nilikuwa nagawanya 1. Kwa hiyo chapisha namba yako kwenye skrini kwanza, uione tarakimu zote kumi, ndipo ugawanye. Mimi sasa natumia lugha ya programu ya Python tu, kwa sababu namba zake nzima hazina kikomo hicho. Kwa lugha nyingine, chukua biti 64. Kikokotoo cha dukani cha tarakimu 8 kiache kabisa, namba haiingii.

Hatua ya 3: Kagua kigawo cha pili

4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kanuni ya 64 bado inatawala. Za kujaribu ni saba: 641 yenyewe, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zote zinabakiza kitu. Basi ni tasa.

Hatua ya 4: Sifa nyingine

Vigawo vyake ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla yake ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Namba zilizo chini yake zisizo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240.