Kabla shule hazijafungwa Juni: mambo ya kuandaa nyumbani

Likizo ya Juni inachukua karibu mwezi mzima, na mtoto aliyezoea kengele hajui la kufanya na siku isiyo na ratiba. Anza kuandaa wiki moja kabla, usingoje siku anayorudi na ripoti mkononi.

Usingizi kwanza. Mwache apumzike siku mbili tatu. Baada ya hapo, saa ya kwenda kulala isipite ile ya shule kwa zaidi ya saa moja, na wiki ya mwisho irudishe nyuma robo saa kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akikesha na katuni ataamka saa nne, chai itagongana na chakula cha mchana, na jioni ni vilio.

Kazi za likizo: dakika 40 kila asubuhi baada ya chai. Zikirundikwa mwishoni, atanakili majibu tu.

Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Mapipa ya maji yafunikwe. Dada aambiwe mbele ya watoto nani anaruhusiwa kutoka, wapi, na arudi saa ngapi.

Sasa safari ya kwa bibi. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwili wa mtoto aliyekulia Arusha au Njombe haujaizoea malaria, na likizo inampeleka Geita, Kigoma au Mtwara. Mfungashie chandarua chenye dawa, pamoja na kamba na misumari minne, maana kisipokuwa na pa kufungia kitabaki kwenye begi. Kiwe cha futi sita kwa sita: binamu watatu wakibanana ndani ya kidogo, wa pembeni anaegemeza mkono kwenye neti na mbu anamuuma akiwa nje.

Akipata homa, afikishwe zahanati ndani ya saa 24 na apimwe kwanza. Akiandikiwa dawa ya mseto ya malaria, ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, anywe akiwa amekula chenye mafuta kidogo. Amalize zote hata akipata nafuu mapema.

Tena, vimelea vya malaria hukaa mwilini kimya siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Mtoto anarudi mzima, shule zinafunguliwa, homa inampata darasani. Kwa kuwa Arusha ni baridi, watu wanadhani ni mafua, anapewa panadol, siku zinapotea. Kama yuko bweni, mwandikie matroni karatasi: alikuwa wapi, alirudi tarehe ngapi, homa yoyote apimwe malaria.

Mwenye pumu au selimundu (sikoseli) abebe dawa za mwezi mzima, na maelekezo umpe bibi mwenyewe, si anayempokea stendi. Mtoto aikariri namba yako. Uliza kisima, mto na lambo viko wapi kabla basi halijaondoka, na asiende huko bila mtu mzima hata kama wenzake wanaogelea kila siku.