Taa za bustani za volti 12 zikigoma: ipime transfoma kabla ya kuilaumu

Taa za bustani zikizimika zote usiku mmoja, wa kwanza kusingiziwa ni transfoma, kifaa kinachoshusha umeme wa volti 230 hadi 12. Inafunguliwa, inanunuliwa nyingine, na bustani inabaki giza vilevile, kwa sababu kilichokufa kilikuwa fotoseli (swichi inayowasha taa giza likiingia) au kiungo cha waya kilichoozea ardhini. Transfoma ya koili, ile nzito yenye chuma na shaba ndani, ni kitu kigumu na haifi ovyo. Kazi ni kuufuata umeme kuanzia unapoingia mpaka taa ya mwisho, na kuandika namba unayoipata kila kituo.

Uwe na maltimita, klampu mita (mita inayopima ampea kwa kuukumbatia waya) ikipatikana, bisibisi, konekta chache na balbu ya kawaida ya volti 230 kwenye holda yenye nyaya mbili. Upande wa kuingilia unaua. Zima breka, kisha hakikisha kwa mita kuwa umeme umekatika, na mita yenyewe uijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme ili ujue haikudanganyi. Upande wa volti 12 haukupigi shoti, lakini usiudharau: transfoma ya wati 300 inatoa ampea 25, zinazotosha kuyeyusha waya mwembamba na kuwasha majani makavu.

Lebo kwanza

Inatakiwa iandikwe 230V au 240V, 50Hz, na utokaji 12V AC. Transfoma nyingi za bustani zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120 na 60Hz. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, imeungua.

Kama kifaa ni chepesi kama simu na kimeandikwa kitu kama "20–60W", hiyo ni transfoma ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa halojeni za darini. Ukiifungia LED tatu za wati 5, jumla wati 15, haifikii mzigo wake wa chini, hivyo taa zinapepesa au haziwaki kabisa. Utokaji wake ni wa masafa ya juu, na maltimita ya kawaida inaweza kukupa namba ya uongo. Waya wake unatakiwa uwe mfupi, kama mita 2 tu. Bustanini si mahali pake. Iondoe, usipoteze muda kuitafutia ugonjwa.

Umeme unaingia?

Rudisha umeme, weka mita kwenye AC na upime kati ya laivu na nyutro za kuingilia. Ukipata kati ya 220 na 245, endelea mbele. Ukipata sifuri, transfoma haina kosa: rudi kwenye breka, taima na fotoseli. Ukipata 60 au 90 zinazochezacheza, usifurahi. Mara nyingi huo ni umeme wa mzimu: waya umekatika mahali, na mita ya dijitali inanusa umeme wa waya wa jirani. Zima, funga ile balbu hapo, kisha washa. Isipowaka, hakuna umeme wa kufanyia kazi.

Fotoseli nyingi zina nyaya tatu: nyeusi inapokea laivu, nyekundu inaipeleka kwenye mzigo, nyeupe ni nyutro. Soma lebo yake, kwa kuwa rangi hubadilika. Ifunike kwa tepu nyeusi na usubiri dakika 2, maana huwa haishtuki papo hapo. Isipoitika, zima breka, unganisha nyeusi na nyekundu kwa konekta, washa. Taa zikiwaka, umempata mkosaji. Taa zinazowaka na kuzimika zenyewe kila baada ya muda mfupi mara nyingi si ubovu: fotoseli inaona mwanga wa taa zake yenyewe na kudhani kumekucha. Igeuzie upande mwingine.

Transfoma bila mzigo

Zima, chomoa laini zote za upande wa volti 12, washa na upime. Namba nzuri ni kati ya 12 na 13.5. Ukikuta sifuri, angalia kwanza fyuzi au breka ndogo ya upande huo. Zikiwa nzima, zima umeme, chomoa na nyaya za kuingilia, uweke mita kwenye omu. Koili ya kuingilia husoma omu chache hadi makumi, kulingana na ukubwa. Ya kutokea husoma chini ya omu 1. Koili ya kuingilia isiposoma kitu, imekatika au fyuzi ya joto iliyofichwa ndani imeungua. Iache ipoe saa nzima, upime tena, kwa sababu nyingine zina kinga inayojirudisha. Isipobadilika, sasa unayo haki ya kununua nyingine.

Rudisha laini mojamoja

Kila ukirudisha laini, pima ampea. Klampu ikumbatie waya mmoja tu. Ukizibana zote mbili, umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana na mita inasoma sifuri. Laini ambayo ampea zake zinaruka juu ghafla ina nyaya zilizogusana. Jumla isizidi asilimia 80 ya lebo: kwa wati 300, usipite 240, yaani ampea 20. Na usihesabu wati za LED peke yake, kwani LED ya wati 5 inaweza kuvuta VA 7 (volti mara ampea) au zaidi. Taa zinazozimika baada ya saa moja na kurudi transfoma ikipoa zinakwambia kuwa imezidiwa.

Taa za karibu zikiwa kali na za mwisho zimefifia, pima volti kwenye taa ya mwisho huku zote zinawaka. Laini ya mita 30 yenye ampea 5 mwishoni inapoteza takriban volti 3.6 kwa waya wa 1.5 mm², volti 2.2 kwa 2.5 mm², na 1.4 kwa 4 mm². Transfoma kubwa zaidi haitaponya hilo. Ongeza unene wa waya, au leta umeme katikati ya laini badala ya mwanzoni.

Waya ukiwa mnene wa kutosha na volti bado zinapotea, fukua viungo. Tepu ya umeme ikikaa ardhini inageuka ulimbo, maji yanaingia, na shaba inaota unga wa kijani. Ukiikunja inavunjika kama njiti ya kiberiti. Pwani, chumvi inaharakisha haya yote. Kata nyuma mpaka ufikie shaba nyekundu inayong'aa, hata kama ni sentimita 15, uunge kwa konekta zenye jeli. Tepu peke yake usirudie.

Breka ikiruka

Ikiruka unapowasha tu, na ukiirudisha inakaa, huenda ni mvuto wa kwanza wa transfoma, hasa ya umbo la duara. Breka ya aina C inavumilia kuliko ya aina B.

RCD, ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, ni habari nyingine. Maji kwenye taa za volti 12 kwa kawaida hayaiangushi, kwa kuwa koili mbili hazigusani. Chomoa laivu na nyutro zote mbili kwenye transfoma. RCD ikiendelea kuanguka, waya unaoiletea transfoma umeme ndio mbovu. Ikitulia, pima transfoma kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya koili ya kuingilia na ethi. Chini ya megaomu 1, itoe.

Ukifunga nyingine, iwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi, nyaya ziingilie chini na zining'inie kidogo kabla ya kupanda ili mvua idondokee nje. Tundu dogo la chini usilizibe kwa silikoni, ndipo maji yanapotoka nje. Weka wavu mwembamba, mijusi hupenda joto la humo. Kisha andika kwa kalamu ndani ya mfuniko volti na ampea za kila laini siku hiyo.