Kabla mlipuko haujafika wodini: kumwandaa muuguzi

Tetesi za mlipuko zikianza, jambo la kwanza tunalohesabu hapa Mwanza ni glovu, gauni, barakoa, klorini na mitungi ya oksijeni. Ni sawa kabisa. Ila huruma ya wauguzi haimo kwenye leja ya stoo, na huanza kuisha kwa yule aliyekuwa nayo nyingi.

Wala hili si la kufikirika. Machi 2023 Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, ilithibitishwa Bukoba Vijijini, ng'ambo ya ziwa letu. Wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafariki, na mhudumu wa afya alikuwamo kati ya hao sita. Januari 2025 ikarudi mkoani Kagera, safari hii Biharamulo.

Anzeni kwa kuelewana jambo lenyewe ni lipi. Kuchakaa kwa mtu kazini huja polepole, kwa zamu ndefu na vifaa haba. Uchovu wa huruma unatokana na kubeba maumivu ya watu wengine, na unaweza kumpata hata mtu anayeipenda kazi yake. Mgonjwa anageuka kuwa "kitanda namba saba", usingizi unakatika, ndugu akiuliza swali anajibiwa kwa mkato. Mtaani watasema sista amekuwa mkali. Kabla hamjamwandikia barua ya onyo, muulizeni amefiwa na wagonjwa wangapi wiki hiyo.

Kubwa kuliko yote, kwangu mimi, ni habari za msiba. Chumba cha kujitenga hakiruhusu ndugu kuingia, kwa hiyo binti aliyeko Ukerewe humsikia baba yake kupitia simu aliyoishika muuguzi, na mara nyingi muuguzi huyo huyo ndiye atakayepiga tena kusema mzee hatunaye. Kila wodi ina sista mwenye maneno laini, na kila simu ngumu hupelekwa kwake. "Dada, wewe unajua kuongea nao." Baada ya wiki mbili hana maneno tena. Basi pangeni zamu ya kutoa taarifa za vifo kama mnavyopanga zamu ya usiku. Madaktari nao waingie humo. Aliyepiga simu ya msiba leo, kesho apangiwe kazi nyingine.

Pili, kila mtu awe na mwenza. Kwenye Marburg hakuna anayepaswa kuvua mavazi ya kinga bila mwenzake kumwangalia hatua kwa hatua, kwani kuvua ndiko kwenye hatari zaidi. Mwangalizi huyo apewe na jukumu la pili: kumuuliza mwenzake amelala saa ngapi, amekula nini, na kumwambia mfawidhi wa wodi anapoona mambo si mambo. Wakubaliane hilo mapema, lisije likaonekana umbea.

Nyumbani je? Aliyegusana na mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21. Wengi wetu tumepanga chumba Igoma au Mabatini, choo kimoja na bomba moja kwa wapangaji wote. Amua sasa utalala wapi, watoto watakaa na nani, na mama mwenye nyumba aelezwe na mtu anayemheshimu kabla hajasikia kwa majirani. Nimeona muuguzi akikwepwa kwenye korido ya nyumba yake mwenyewe. Hilo lilimchosha kuliko wodi.

Maji ya kunywa, chai, kiti cha kukalia: yawepo tu, hayahitaji kikao.

Msiwalazimishe watu kukaa duara na kusimulia yaliyowatisha mara tu baada ya tukio. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo. Linachofundisha ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Kwa hiyo namba ya mshauri nasaha ibandikwe ukutani kabla, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze.

Limebaki neno "wito". Tumelizoea mno, kiasi kwamba kusema "nimechoka" kunasikika kama kuikana kazi. Mfawidhi ndiye avunje aibu hiyo: siku zake za kupumzika aziandike kwenye ratiba ileile ya wodi, kila mtu azione, na zikifika aende nyumbani.