Ubaguzi wa Rangi Ughaibuni: Mwongozo kwa Watu wa Afrika Mashariki Wanaoishi Nje

Mtu anayetoka Afrika Mashariki hufika ughaibuni akiwa anajijua vizuri: ana nchi yake, kabila lake, dini yake, ukoo wake na kazi aliyoisomea. Muda si mrefu hugundua kwamba hayo yote hayana uzito kwa mlinzi wa dukani anayemfuata nyuma, wala kwa mwenye nyumba ambaye kwenye simu alisema chumba kipo, kisha mgeni alipotokea mlangoni akasema kimeshachukuliwa. Kwa watu hao yeye ni mweusi, na habari imeishia hapo. Wengi wetu tunachelewa kulikubali jambo hili, na kuchelewa huko kunatugharimu, kwa sababu anayejiambia kwamba ubaguzi ni tatizo la weusi waliozaliwa kule na halimhusu hatunzi ushahidi, hajui muda wa kulalamika unaisha lini, na siku yakimfika hana wa kumshika mkono.

Kujitenga huko pia ni kutojua historia. Mwaka 1959, mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipotafuta fedha za kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani, waliomsaidia kuchangisha ni pamoja na Wamarekani weusi mashuhuri: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, na mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965, iliyoondoa mgawo uliowapendelea Wazungu na kuwafungulia Waafrika njia, ilipatikana katika vuguvugu lile lile la kudai haki za raia weusi. Uingereza nako, watu wa Bristol walisusia mabasi mwaka 1963 kwa sababu kampuni ilikataa kuwaajiri weusi na Waasia kwenye mabasi hayo, na miaka miwili baadaye ikatungwa sheria ya kwanza ya nchi hiyo dhidi ya ubaguzi wa rangi. Haki tunazozitumia leo zilipiganiwa na watu hao, na ninaona ni kosa kubwa kukaa sebuleni tukiwaita wavivu au wahuni mbele ya watoto wetu, ambao shuleni huhesabiwa kundi moja nao.

Si kila mtu wa Afrika Mashariki ni mweusi, na mwongozo huu ni wa wote. Wahindi wa Nairobi na Kampala, Waarabu wa pwani na machotara hukutana na ubaguzi wa sura nyingine. Mwaka 1968 Uingereza ilitunga sheria ya kuwazuia Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasipoti zake, na mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaeleza katika shauri lao kwamba kumbagua mtu waziwazi kwa sababu ya asili yake kunaweza kuwa ni kumdhalilisha utu wake.

Kuhusu fomu zinazouliza rangi au asili, jaza ukweli. Katika maombi ya kazi Uingereza na Marekani swali hilo kwa kawaida ni la hiari, na majibu hukusanywa kwa ajili ya takwimu zinazoonyesha nani anaajiriwa na nani anaachwa. Dodoso la sensa ya Marekani ya 2020 lilikuwa na nafasi ya kuandika asili chini ya kisanduku cha weusi, kwa hiyo mtu aliweza kuandika kwamba ni Mkenya au Msomali. Ufaransa na Ujerumani serikali haihesabu watu kwa rangi, na hilo lisikufanye uamini kwamba rangi haiangaliwi huko.

Kazini ndiko penye mengi, hasa kwa wenzetu wanaohudumia wazee na wagonjwa. Nunua daftari dogo, litunze nyumbani, na usiandike mambo haya kwenye barua pepe ya kazini, kwani siku ukisimamishwa utafungiwa akaunti. Andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, kwa namna hii: Jumanne tarehe 4, saa mbili na robo asubuhi, chumba cha makabidhiano ya zamu, walikuwepo muuguzi wa usiku na mfanya usafi, msimamizi alisema maneno haya. Kisha andika maneno yenyewe kwa lugha aliyoyasema, hata kama ni machafu kiasi gani, pamoja na ulichojibu. Ukiandika tu kwamba alinitukana, hakuna atakayeweza kupima uzito wake. Andika pia yasiyo na matusi: nani alipangiwa zamu za usiku mfululizo, nani alinyimwa mafunzo, nani alipandishwa cheo ilhali wewe ndiye uliyemfundisha kazi. Mara nyingi ubaguzi huonekana kwenye ratiba kuliko kwenye midomo ya watu.

Mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ufahamu, anayekuita kwa jina la kudhalilisha hawezi kuwajibishwa kama mtu mwenye akili timamu, lakini mwajiri anawajibika kukulinda, kwa mfano kwa kukupangia mwenzako wa kuingia naye au kubadilisha zamu bila kukupunguzia saa. Mgonjwa mwenye akili zake ni jambo tofauti kabisa. Huko England, tangu Aprili 2020, hospitali za umma zinaweza kumnyima huduma isiyo ya dharura mgonjwa anayewatolea wafanyakazi maneno ya kibaguzi. Msimamizi akikuambia uzoee kwa sababu ndiyo kazi yenyewe, andika na hilo.

Muda wa kulalamika ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Uingereza, usihesabu zaidi ya miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio, na kabla ya kwenda mahakama ya kazi ni lazima uanze usuluhishi kupitia Acas, chombo cha umma cha kusuluhisha migogoro ya kazi. Marekani, malalamiko ya kazi hupelekwa EEOC, tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini, ndani ya siku 180, au 300 mahali ambapo jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi, na malalamiko ya nyumba hupelekwa wizara ya makazi ndani ya mwaka mmoja. Ujerumani, madai ya fidia chini ya sheria ya usawa ya 2006 yanatakiwa kumfikia mwajiri kwa maandishi ndani ya miezi miwili. Wengi hupoteza haki yao hapa: wanapeleka malalamiko ofisi ya rasilimali watu, wanangoja majibu kwa uvumilivu, na siku zinaendelea kuhesabiwa. Malalamiko ya ndani ya kampuni hayasimamishi saa ya sheria.

Mwenye viza iliyofungwa kwa mwajiri ana hofu ya kweli, na si haki kumwambia ajikaze tu. Kabla ya kuwasilisha lolote, azungumze na wakili wa uhamiaji, ajue ana siku ngapi za kutafuta mdhamini mwingine iwapo atapoteza kazi, na aanze kutafuta kimyakimya. Ajiunge na chama cha wafanyakazi akiwa bado hana tatizo, kwa kuwa vyama vingi havichukui mgogoro ulioanza kabla ya uanachama.

Hospitalini, nenda na mtu. Marekani, wanawake weusi hufa kutokana na ujauzito na uzazi kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wanawake wa Kizungu, na malalamiko yanayorudiwa na familia ni kwamba mama alisema anaumwa na hakusikilizwa. Daktari akikataa kipimo, mwombe kwa adabu aandike kwenye faili kwamba kipimo kiliombwa na sababu ya kukataa. Ombi hilo mara nyingi hubadilisha mazungumzo.

Watoto nimewaacha mwisho kwa sababu kwao ndiko tunakokosea zaidi. Mtoto akirudi na kusema ameitwa nyani, mzazi wa kwetu husema wapuuze, soma kwa bidii. Mtoto hujifunza kutosema tena. Msikilize mpaka amalize, mwambie kwamba huo ni ubaguzi na kosa si lake, kisha iandikie shule siku hiyo hiyo, si kwa simu, ukitaja tarehe, maneno na walioshuhudia, na uombe jibu la maandishi la hatua zitakazochukuliwa. Suala likiwa ni nywele zake, ulizia sheria ya mahali ulipo. California ilipiga marufuku ubaguzi wa nywele za asili na misuko mwaka 2019, na majimbo mengine yakafuata. Ukienda kikaoni, nenda na nakala ya barua yako, na jioni mweleze mtoto mlichokubaliana na nani shuleni atakayemwendea likitokea tena.